Je, kupasha mwili moto kabla ya kukimbia ni lazima, au kilomita ya kwanza inatosha?

Mbio_Alfajiri

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wenye uzoefu, maana nimeanza kukata tamaa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41. Nakimbia kilomita 5 mara nne kwa wiki, alfajiri, kwa kuwa ndio muda pekee ambao hakuna anayeniita. Naamka saa kumi na moja kasorobo. Saa kumi na moja kamili niko mlangoni, kamba za viatu nimeshafunga. Dakika 35 baadaye lazima niwe nimerudi. Kilomita 5 nazimaliza kwa dakika 29 au 30, kwa hiyo nikitoa dakika 10 za kuruka-ruka na kuzungusha mikono, hesabu haikubali.

Basi nilikuwa natoka tu. Nafungua mlango, nabonyeza saa, naondoka kwa mwendo wangu wa siku zote. Miezi minane haikuwa na shida yoyote. Mwezi uliopita shavu la mguu wa kulia likaanza kukaza kila nikifika kama mita 700. Si maumivu ya kuchoma. Ni kama mtu ameushika msuli anausokota taratibu. Nikivumilia hadi kilomita ya pili, linalegea lenyewe. Jumanne ya wiki iliyopita halikulegea. Nilipoanza kupanda kilima likabana ghafla, nikasimama, nikarudi nyumbani nachechemea. Siku mbili nzima kushuka ngazi ilikuwa kazi.

Rafiki yangu anasema shida ni kwamba sipashi mwili moto. Shemeji yangu, ambaye anakimbia kuliko mimi, anasema kilomita ya kwanza ndiyo yenyewe ya kupashia, mengine ni mbwembwe. Nani yuko sahihi? Na kama ni lazima, ni dakika ngapi, na nifanye nini hasa? Tafadhali msinipe mazoezi ishirini. Nipeni kitu ninachoweza kufanya gizani, nikiwa na usingizi machoni, bila kuamsha watoto.

Nyayo_Ndefu

Pole sana dada. Mimi mwaka wa sita huu nakimbia, na sijawahi kusimama hata dakika moja kujinyoosha. Natoka nyumbani natembea hadi barabara kubwa, kama dakika tano hivi, halafu naanza polepole kabisa mpaka nione mwili umekubali, ndipo naongeza. Msuli haujawahi kunisumbua. Kwa maoni yangu kupasha ni kwa wale wa mashindano. Shemeji yako hajakosea.

Kocha_wa_Zamani

Nyayo_Ndefu, soma tena ulichoandika. Umetembea dakika tano, ukaanza polepole kabisa, ukasubiri mwili ukubali, ndipo ukaongeza. Huko ndiko kupasha mwili moto, ndugu yangu, na unakufanya vizuri. Ulichoacha ni kusimama na kujinyoosha, jambo ambalo watu wengi wanalichanganya na hili.

Dada Mbio_Alfajiri, wewe ndiye hupashi. Shemeji yako anasema kweli kwamba kilomita ya kwanza inaweza kuwa ya kupasha, ila iwe ya polepole kweli. Yako si hivyo. Umesema mwenyewe: unafungua mlango, unabonyeza saa, unaondoka kwa mwendo wa siku zote. Kilomita 5 kwa dakika 29 ni kama dakika 5 na sekunde 48 kwa kilomita, na unaudai mwendo huo kwenye hatua ya kwanza kabisa, robo saa tu tangu utoke kitandani.

Nieleze kidogo kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa hutahitaji mtu wa kukukumbusha. Ukiwa umelala au umekaa, misuli yako inapata kama sehemu moja tu kati ya tano ya damu ambayo moyo unasukuma. Ukikimbia kwa nguvu, inapata sehemu nne kati ya tano, hata zaidi. Mishipa inayokwenda kwenye misuli lazima ifunguke, inayokwenda tumboni ibanwe, moyo upandishe mapigo. Mambo hayo hayatokei papo hapo. Yanachukua dakika mbili, tatu, na muda wote huo misuli inafanya kazi huku oksijeni inayofika ni pungufu ya inayohitajika. Ule mhemo wa mita 500 za kwanza ambao wengi wanadhani ni dalili ya kukosa pumzi, mara nyingi ni deni hilo.

Halafu kuna joto lenyewe. Nguvu inayotumika kwenye msuli, kama robo tu ndiyo inakusogeza mbele. Inayobaki inageuka joto. Ndiyo maana tunasema kupasha. Msuli wenye joto unajikunja na kulegea haraka zaidi, ujumbe wa neva unasafiri haraka zaidi, na damu inaachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Msuli wa baridi ni mgumu, unabisha kuvutwa. Na wewe umechagua saa ngumu kuliko zote: joto la mwili wa binadamu hushuka chini kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri. Sikulaumu, najua ndio muda ulio nao. Lakini anayekimbia saa hiyo anahitaji kupasha kuliko anayekimbia jioni.

Nikupe yangu. Nikiwa na miaka 20 nilikuwa nakimbia mita 800. Siku moja gari letu lilichelewa, viatu vya misumari nikavivalia ndani ya gari, nikafika mstari wa kuanzia wakati wenzangu wameshatokwa na jasho. Nilikuwa na dakika tatu. Nikaruka-ruka pale pale, bunduki ikalia. Mita 150 tu, kwenye kutoka kona ya kwanza, msuli wa nyuma ya paja la kushoto ukaachia kama kamba iliyokatwa. Wiki kumi na moja sikukimbia. Siwezi kuapa kwamba ningepasha nisingeumia; hata msuli uliopashwa huchanika. Ila tangu siku hiyo, na katika miaka 19 niliyofundisha vijana, sikuwahi kumruhusu mtu wangu asimame kwenye mstari akiwa mkavu. Wawili walinililia nikiwaondoa kwenye mbio kwa sababu hiyo. Nisingebadili uamuzi ule hata leo.

Jambo moja huwashangaza wanaoanza: mbio zikiwa fupi, kupasha kunakuwa kurefu. Mtu wa mita 800 anaweza kutumia dakika 40 kujiandaa kwa mbio za dakika mbili, kwa sababu ndani ya hizo dakika mbili hakuna nafasi ya mwili kuamka. Mtu wa maratoni, kilomita 42.195, anakimbia polepole dakika chache tu na kuhifadhi nguvu, maana njia yenyewe ni ndefu na mwendo wake si wa kupasua kifua. Kwa hiyo ukiuliza "dakika ngapi", mimi nakuuliza "unakwenda kukimbia kwa kasi gani?"

Kwako, fanya hivi. Ndani, umeshika ukuta, inua visigino vyote viwili mara 15 na kuvishusha taratibu. Kisha bembeza mguu mmoja mbele na nyuma mara 10, kama kengele, bila kulazimisha urefu, halafu mwingine. Malizia kwa kuchuchumaa nusu mara 10. Hayo ni dakika mbili na hayana kelele. Ukitoka, tembea haraka dakika mbili. Kisha kimbia dakika tano kwa mwendo ambao ungeweza kusimulia kisa kizima bila kukatisha sentensi. Saa usiiguse. Ibonyeze baada ya hapo.

Ndiyo, utapoteza nusu kilomita hivi kwenye dakika zako 35. Ipoteze. Hizo za polepole nazo ni kukimbia, mguu haujui kwamba saa haijawashwa.

Siku ukitaka kwenda kasi kuliko kawaida, ongeza mbio fupi nne za mita 80 hivi: unaanza taratibu, unaongeza hadi karibu na kasi yako kubwa, unaachia, unarudi unatembea. Siku za kawaida huzihitaji.

Mbio_Alfajiri

Kocha, shikamoo, na asante kutoka moyoni. Sikuwahi kuelezwa hivi. Hilo la saa limenigusa, kwa sababu ni kweli, nikiona dakika 6 na sekunde 10 kwenye kilomita ya kwanza najisikia nimeshindwa kabla siku haijaanza.

Kuna jambo sikuliandika mwanzo. Mguu ulipoanza kukaza, nilianza kujinyoosha kabla ya kutoka. Nasimama kwenye ngazi ya mlangoni, naning'iniza kisigino chini, nahesabu hadi 100, kila mguu. Wiki tatu nimefanya hivyo. Nilidhani ndiyo nausaidia. Je, niendelee?

Tiba_ya_Viungo

Marahaba za kocha sitazichukua, nitajibu hili la kunyoosha tu. Ni mfiziotherapia, miguu ya wakimbiaji naiona kila wiki.

Acha kuhesabu hadi 100 kabla ya kutoka. Kuuvuta msuli na kuushikilia palepale zaidi ya sekunde 60 kunapunguza nguvu yake kwa muda mfupi baadaye, na wewe unauingiza barabarani katika muda huo huo. Chini ya sekunde 30 athari ni ndogo mno, si ya kuhofia. Lakini hata hivyo faida yake katika kuzuia majeraha ni ndogo kuliko tulivyofundishwa shuleni. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa wanajeshi wapya 1,538 wa Australia: kwa wiki 12 wote walipasha mwili kabla ya mazoezi, nusu yao wakiongeza kunyoosha misuli ya miguu, sekunde 20 kila msuli. Majeraha ya makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maana. Angalia kwamba wote walipasha. Kilichojaribiwa ni kunyoosha. Watu wanausoma utafiti ule na kutoka wakisema "kupasha hakuna faida", na hilo haliko mle.

Ukipenda kunyoosha, nyoosha jioni, au baada ya kukimbia, msuli ukiwa na joto.

Upande wa kupasha kuna utafiti mwingine ninaouthamini, uliofanywa Norway na kuchapishwa 2008, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza soka. Walifuata programu ya FIFA ya kupasha mwili, kama dakika 20, na majeraha kwa jumla yakapungua kwa karibu theluthi. Ila programu ile ina mazoezi ya nguvu na ya kujimudu kwa mguu mmoja, si kukimbia polepole peke yake, na soka lina kugeuka na kugongana. Kwa hiyo siuhamishi mzima mzima kwa mtu anayekimbia barabarani. Nachochukua ni kwamba sehemu ya nguvu ina uzito. Ndiyo maana nimefurahi kocha kuanza na kuinua visigino.

Sasa dada, nina maswali, na naomba uyajibu kabla hujatoka tena. Uliposikia limebana, ulisikia mlio au kama umepigwa teke kwa nyuma? Kuna weusi au uvimbe? Katika miezi miwili hii umeongeza kilima, umeongeza siku, au umebadili viatu? Nauliza kwa sababu kupasha mwili hakumponyi msuli uliozidiwa kazi. Miezi minane hukupasha na hukuumia. Kitu kingine kimebadilika.

Na hili kwa kila anayesoma: shavu la mguu likiuma ukiwa umepumzika, likavimba, likawa la moto kuliko la upande wa pili, usilikande wala usilipashe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na hilo halisubiri.

Kifua_Chepesi

Naomba niongeze la kwangu kwa wenye pumu, maana tunasahaulika mada hii ikija.

Mimi nikianza mbio ghafla, dakika kumi baadaye kifua kinafunga, naanza kupiga miluzi. Miaka mingi nilidhani mbio hazikuumbwa kwa ajili yangu. Daktari wangu ndiye aliyenifundisha kupasha kwa vipande: natembea na kukimbia polepole dakika kumi, halafu nakimbia kwa nguvu sekunde 30, natembea hadi pumzi irudi, narudia mara sita. Baada ya hapo napumzika kidogo. Kwa wengi wetu, njia za hewa zikishasukumwa hivyo huwa hazibani kwa urahisi kwa saa moja au mbili zinazofuata, na ndani ya muda huo ndipo nakimbia mbio zangu zenyewe. Dawa ya kuvuta natumia kama nilivyoandikiwa na huwa naibeba mfukoni. Hewa ikiwa ya baridi na kavu, nafunika mdomo na pua kwa kitambaa chepesi kwenye zile dakika za mwanzo.

Kwangu mimi kupasha si suala la msuli hata kidogo. Bila kupasha sifiki popote.

Mbio_Alfajiri

Tiba, nimesoma maswali yako nikakaa chini.

Mlio hapana. Weusi hapana, uvimbe hapana, joto liko sawa pande zote nimegusa. Kilima ni kile kile. Siku ni zile zile nne.

Viatu nimebadili. Wiki sita zilizopita. Vya zamani viliisha soli nikanunua vyepesi, vizuri sana mguuni, ila kisigino chake ni kifupi. Nimetafuta maelezo yake: vya zamani kisigino kilipanda milimita 10 kuliko mbele, hivi vipya 4.

Tiba_ya_Viungo

Hapo hapo. Kisigino kikishuka, shavu la mguu na kano ya kisigino vinavutwa zaidi na kufanya kazi zaidi kwa kila hatua. Viatu hivyo si vibaya. Mguu wako haukupewa muda wa kuvizoea. Ukajumlisha na alfajiri, mwendo wa kasi tangu mlangoni, na kuning'iniza kisigino hadi 100. Kila kimoja peke yake pengine ungekivumilia.

Pumzika hadi uweze kutembea haraka dakika 30 bila kuhisi chochote, na kuinua kisigino cha mguu ule mmoja mara 20 bila maumivu. Hicho ndicho kipimo ninachotumia kwa wagonjwa wangu. Kisha rudi kama kocha alivyosema, viatu vipya mara moja kwa wiki tu, nyingine vaa jozi yenye kisigino cha juu. Kilima kiache kwanza. Ukishindwa kufikia kipimo hicho baada ya wiki mbili, muone mtu akushike mguu, mtandaoni hatuwezi kuugusa.

Nyayo_Ndefu

Kocha, nimekubali. Nilikuwa najisifu kwa jambo ambalo nalifanya kila siku bila kujua jina lake. Dada, samahani kwa kukuambia shemeji yuko sahihi, ningekurudisha barabarani vile vile. Nina swali moja tu: zile dakika tano za kutembea, mvua ikinyesha nikazifanyia ndani, inatosha?

Kocha_wa_Zamani

Inatosha. Panda na kushuka ngazi kama unazo, au kanyaga palepale ukipandisha magoti. Angalizo moja: ukishapasha, toka. Ukikaa dakika 15 au 20 unatafuta koti na kujibu ujumbe, joto ulilolitafuta linaondoka, unaanza upya. Nimeona wanariadha wazuri wakipasha vizuri kabisa, halafu wakaitwa kusubiri kwenye chumba cha baridi na wakavua nguo za juu mapema. Nguo vueni dakika ya mwisho.

Mbio_Alfajiri

Narudi kutoa taarifa, wiki ya tano leo.

Siku tisa sikukimbia. Siku ya kumi niliinua kisigino mara 20 nikaona sawa, nikasubiri siku moja zaidi kwa woga. Sasa ratiba yangu ni hii: saa kumi na moja kasoro dakika tano nimeshika ukuta wa jikoni gizani nainua visigino. Nimebadili kitu kimoja tu katika maelekezo ya kocha, nachuchumaa mara tano badala ya kumi kwa sababu goti langu moja lina mlio na ningeamsha nyumba. Natembea hadi nguzo ya taa ya tatu. Hapo naanza polepole, na saa siibonyezi mpaka nipite daraja dogo, karibu dakika tano baadaye.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kichwani kuliko mguuni. Nilikuwa naona muda unapita na sijaanza. Wiki ya tatu nikagundua kwamba nikivuka daraja sihemi tena kama zamani, na kilomita ya kwanza baada ya daraja inatoka kwa dakika 5 na sekunde 40 bila kuisukuma. Kwa dakika 35 nakimbia kilomita 4.6. Mita 700 nimezipita mara 13 sasa bila msuli kukaza. Siku moja ulikaza kidogo, nilikuwa nimevaa vile viatu vipya siku mbili mfululizo kinyume na Tiba alivyosema.

Shemeji nimemtumia mada hii yote aisome. Hajajibu, ila jana dada yangu ameniambia amemuona anatembea hadi mwisho wa mtaa kabla ya kuanza.

Jumamosi nataka kujaribu kilima tena, kwa viatu vya kisigino cha juu, na nitakipanda kikiwa kilomita ya tatu, si ya kwanza. Kocha, Tiba, kama kuna ubaya niambieni kabla ya Ijumaa usiku.

Tiba_ya_Viungo

Hakuna ubaya. Hatua fupi wakati wa kupanda, na ukianza kukisikia kile cha kusokotwa, geuka urudi ukitembea.